Safari ya kwanza nje na washkaji, La Paz ikatupima: tupeane uzoefu

Mwana Rombo: Wakuu, leo nimeona picha ya zile kabini za La Paz, Bolivia, zinazoning'inia kwenye nyaya, moyo ukashtuka. Tulikuwa wanne, marafiki tangu sekondari, wote pasipoti mpya. Tulitua El Alto, uwanja wa ndege wa La Paz, saa kumi alfajiri. Uwanja ule uko zaidi ya mita 4,000, juu kuliko kambi ya Horombo. Kilimanjaro unafika Horombo kwa miguu, siku ya pili, pole pole. Sisi tulifika tumekaa kwenye kiti.

Mwenzetu mmoja, mwenye nguvu kutuzidi wote, akabeba mabegi mawili hadi ghorofa ya tatu. Siku ya kwanza kichwa kiliuma kila mtu. Usiku wa pili nikamsikia anakohoa. Kohozi lina povu, jekundu kwa mbali. Akilala anasema anazama, akakaa kitandani ameshika magoti, midomo imebadilika rangi. Kihispania nilijua "gracias" tu. Nikashuka kwa mlinzi, nikajipiga kifuani na kuonyesha juu, akaelewa. Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akanitafsiria kwa simu yake: mapafu yana maji, ashushwe.

Asubuhi wale wawili wakasema basi la Uyuni limeshalipiwa, wanakwenda kuona jangwa la chumvi. Wakaenda kweli. Daktari aliporuhusu nikapanda naye ndege hadi Santa Cruz, mita 400 na kitu tu. Kesho yake akamaliza sahani ya wali na kuku. Mpaka leo sijui niwaweke wapi wale wawili.

Binti Pongwe: Pole sana kaka. Umenikumbusha chupa yangu ya losheni ilivyofura begini, nimefungua kifuniko ikaruka hadi ukutani.

Mzee wa Mbezi: Tusiwahukumu. Mgonjwa alikuwa na mtu wa kumwangalia, na ile pesa walidunduliza miaka. Wangekaa wote wanne hospitali kufanya nini?

Mama Chausiku: Wangekaa! Mmoja anakesha, mwingine anatafuta chakula, mwingine anapiga simu nyumbani. Chumvi ingewasubiri. Mtoto wa watu angerudi ndani ya sanduku mngemwambia nini mama yake?

Mzee wa Mbezi: Mama, hakufa.

Mama Chausiku: Walijua hatakufa?

Kijana wa Marangu: Nimepandisha wageni mlimani miaka 11. Kohozi la povu halina mjadala, ni kushuka. Oksijeni inakununulia muda tu. Kuhusu Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Shangazi Tukuyu: Mimi chai ya majani ya koka ilinisaidia kichwa. Kule inauzwa sokoni kama mchicha.

Kijana wa Marangu: Chai isimdanganye mtu akaacha kushuka.

Bin Mtwapa: Na usirudi na jani hata moja mfukoni. Bolivia ni halali, viwanja vingine ni dawa za kulevya. Hapo hakuna cha "sikujua".

Dada Kigamboni: Ushauri wangu: ukifika lala siku nzima.

Bin Mtwapa: Usilale, tembea taratibu, kula kidogo.

Dada Kigamboni: Kula kidogo nini! Mie nilibeba maharage kutoka Dar, nikayaweka jikoni asubuhi, jioni bado yanagongana. Huko juu maji yanachemka hata nyuzi 90 hayafiki. Bila sufuria ya presha mtashinda njaa.

Binti Pongwe: Kaka, na wale wawili mnaongea?

Mwana Rombo: Hiyo picha mmoja wao ndiye kaituma kwenye kundi letu leo asubuhi. Baadaye kanipigia mara mbili. Sijapokea bado.