Naomba ushauri: nataka ualimu wa msingi kwa ajili ya mwalimu wangu wa darasa la tatu

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nina miaka 21, nimemaliza kidato cha sita. Nimepata nafasi ya kusomea ugavi na mjomba yuko tayari kulipa ada. Lakini moyo wangu uko kwenye ualimu wa shule ya msingi.

Hadi naingia darasa la tatu sikujua kusoma. Nilikuwa nakariri. Wenzangu wakisoma kwa sauti nami nanasa, zamu yangu ikifika natiririka. Siku moja mwalimu wa Kiswahili akanigeuzia kitabu juu chini, nikaendelea vilevile bila kukosea neno. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka wala hakunichapa, aliniambia tu nibaki wenzangu wakitoka.

Kama miezi miwili tulikaa chini ya mwembe na vizibo vya soda, kila kimoja kimebandikwa silabi. Neno la kwanza kulisoma mwenyewe lilikuwa "kuku". Nilivishika vile vizibo viwili nikidhani nimekosea, maana vilifanana.

Mjomba anasema ualimu wa msingi ni wa waliokosa pa kwenda. Je, kumbukumbu ya utotoni inatosha kuchagulia kazi ya maisha?

Mama Darasa la Kwanza
Marahaba mwanangu. Nami niliingia kwa sababu kama yako. Mwaka wa kwanza nikapewa watoto 97, wengine wamekaa sakafuni. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na ni jambo jema watoto wamekuja, ila ujue utakuta nini. Mwalimu wako alikuona wewe. Wewe utawaonaje 97? Kabla hujaamua, nenda shule uliyosoma, umwombe mwalimu mkuu ukae wiki mbili darasa la kwanza. Usikae ofisini, kaa na watoto.

Mkono wa Kushoto
Mimi kilichonipeleka ni fimbo. Nilichapwa vidole kwa kuandika kwa kushoto, nikaapa kwamba darasani kwangu hakuna mtoto atakayelia. Muhula wa kwanza watoto walinishinda kabisa, kelele tupu. Mwalimu mzee wa darasa jirani ndiye aliyenifundisha kuwatuliza kwa wimbo na makofi. Kumbukumbu itakufikisha mlangoni, kijana. Kufundisha utajifunza.

Mdau wa Elimu
Kwa kidato cha sita, omba stashahada. Ajira serikalini watu wanasubiri miaka, wengine wanajitolea huku wanalima au wanafundisha shule binafsi, hilo mwambie mjomba bila kuficha. Na kama kinachokugusa ni watoto wanaochelewa kusoma, kiulizie Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, wanafundisha elimu maalumu. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili mkazo ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa hiyo hicho unachokipenda ndicho kazi yenyewe.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Mama Darasa la Kwanza, swali lako limeninyima usingizi. Katika darasa letu walikuwepo wengine wanne wasiojua kusoma, na wawili waliacha shule kabla ya la saba. Sijawahi kuwafikiria hadi jana.

Nimempigia mwalimu mkuu, amenikubalia kuanzia Jumatatu. Mjomba nitazungumza naye wiki hizo mbili zikiisha.