Duara limeingia kabatini ila limegoma kulala, nifanyeje?

mama_wa_goba:
Wadau habari zenu, naombeni msaada kabla sijagombana na fundi. Jiko langu juu ni slabu ya zege nimeweka granaiti, chini makabati ya MDF (zile mbao za nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi), sasa pale kwenye kona kuna shimo ambalo kitu kikiingia hakitoki, juzi nimetoa mbuzi ya nazi ambayo mwaka mzima nilijua jirani kaazima hajarudisha, nimemnunia mtu wa watu bure kabisa. Nikaona mtandaoni zile shelfu za kuzunguka, wanaita lazy susan, unasukuma kidogo vitu vya nyuma vinakuja mbele. Fundi akapima, akasema hamna shida, akaja na duara la MDF la sentimita 70, limepigwa rangi zuri kweli. Kuingia liliingia, tuliliinamisha kama tairi likapita mlangoni, ila kulilaza huko ndani limegoma. Kabati kina chake ni 55, urefu 100, mlango ni mmoja tu wa 45 upande wa kulia, hiyo kushoto yote imezibwa na makabati ya upande wa pili. Fundi sasa anataka avunje kile kiukuta cha tofali kwenye kona ili nafasi iongezeke. Nimkubalie? Duara kwa sasa liko sebuleni, watoto wamelifanya meza ya kuchorea.

kijana_wa_temeke:
Dada achana na hayo makitu, hapo kwenye kona weka mtungi wa gesi toboa tundu la mpira, kazi imeisha

fundi_mstaafu:
@kijana_wa_temeke gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, ukiifungia kwenye kona isiyo na matundu ya hewa unatafuta balaa. Usimpoteze dada wa watu.

Mama wa Goba, kwanza huo ukuta usiguswe. Jiko la slabu mara nyingi zege limekalia hivyo hivyo viukuta, ukivunja bila kujua kinabeba nini granaiti itakuja kupasuka katikati na hapo hamna wa kumlaumu.

Pili fundi wako alipima urefu akasahau kina. Duara zima linataka kona iliyo wazi pande mbili, yaani kabati la herufi L, kama 90 kwa 90, milango miwili imeungana kwa bawaba inajikunja. Hapo ndo duara la 70 au 80 linakaa. Kwako ni kona iliyozibwa, ukiweka duara zima mwisho wako ni 52 hivi, na hilo halifiki kwenye kona kabisa, linazunguka pale pale mlangoni ambapo mkono ulikuwa unafika tangu zamani. Unakuwa umelipia sinia tu.

Ila hilo duara usilitupe. Likate katikati. Unapata nusu mbili, kila moja toka katikati mpaka ukingoni ni 35, na mlango wako ni 45, hata ukitoa fremu na bawaba bado linapita. Simamisha bomba ndani, nyuma kidogo ya fremu ya kushoto ya mlango, pale panapoanza kuzibwa, nusu moja ifunge chini nyingine juu. Ukifunga mlango upande ulionyooka unatazama mlangoni, tumbo linaangalia ukuta. Ukivuta, robo inatoka nje na robo nyingine inatoka gizani inakuja kukaa pale mlangoni. Bawaba za mlango lazima ziwe kulia, zikiwa kushoto mlango wenyewe utaziba njia.

mvita_hapa:
Fundi kasema kweli, mimi hapa Mombasa nimefanya hivyo hivyo. Za dukani bei yake ilinishinda nikaenda kwa jua kali, akanitafutia bomba la milimita 25 na beringi mbili namba 6205, tundu lake ni 25 barabara, moja chini moja juu, bomba lazunguka na shelfu zote mbili kwa pamoja. Shida yangu ilikuwa kutu, chumvi ya bahari haina huruma, kwa hivyo bomba lipigwe rangi vizuri au utafute stenlesi. Na usisahau ukingo, kama sentimita 5 hivi. Mimi wa kwanza sikuweka, kopo la iliki likaruka nyuma likakwama kati ya shelfu na ukuta, ikawa haizunguki mbele wala nyuma, nikaingiza kichwa kabatini kama natengeneza gari.

fundi_mstaafu:
Ukingo muhimu sana. Na pale ulipokata MDF imebaki wazi, piga rangi mikono miwili hasa kama sinki liko karibu, MDF ikinywa maji inavimba kama andazi na hairudi. Mchele wa kilo 25 weka sakafuni, usipandishe kwenye shelfu. Bomba lisimame wima kwa timazi, ule uzi wenye uzito chini, usiamini jicho.

mama_wa_goba:
Nimerudi na mrejesho. Fundi alinuna kukata duara lake ila alikata. Juu alitoboa slabu akaweka fisha nne (plagi za kushika skrubu), chini akafunga kwenye sakafu ya kabati. Siku ya kwanza ikawa kila nikifungua mlango shelfu inajitoa yenyewe taratibu mpaka inanigusa goti, watoto wakasema kuna jini. Tukashusha timazi, bomba limelalia mbele karibu sentimita nzima, jamaa alikuwa amekadiria kwa jicho tu. Amelegeza akaweka washa mbili (zile pete bapa za bolti) chini, sasa imetulia, nikisukuma inaenda nikiacha inasimama. Sufuria kubwa ziko chini, viungo na mbuzi ya nazi juu. Jirani nimempelekea sahani ya maandazi bila kumweleza ni ya nini. Kilichobaki ni hawa watoto, wanadai meza yao.

kijana_wa_temeke:
Picha basi dada

mama_wa_goba:
Subiri nipange vyombo kwanza, nitaonekana mchafu 😂