Moduli ya 4G ya pampu inakata mawasiliano kila jioni, naombeni ushauri

Kisima_Kirefu
Wakuu, heshima kwenu. Nimefunga moduli mbili za 4G, moja kwenye paneli ya pampu ya kisima, nyingine kwenye tenki, umbali wa kilomita 2. PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) ya tenki inasoma kina cha maji na kuituma amri ya kuwaka au kuzima kwa PLC ya pampu, kwa Modbus, yaani lugha ambayo vifaa hivi huongea. Mezani ilifanya kazi safi. Huku saiti, jioni mawasiliano yanakatika dakika kadhaa, yanarudi, yanakatika tena. Nakabidhi Jumatatu na usingizi sina. Nibadilishe antena au moduli?

Waya_Mbili
Pima kwanza, mkuu. Kama moduli inaongea na PLC kwa RS-485 (mawasiliano ya nyaya mbili, A na B), zima umeme, weka mita kati ya A na B. Ukisoma karibu omu 60, resista mbili za omu 120 zipo, moja kila ncha. Ukisoma 120, moja imekosekana. Ukisoma 40, kuna mtu kaongeza ya tatu. Wavu wa kebo ufungwe ardhini upande mmoja tu, na kebo hiyo ikae sentimita 30 mbali na nyaya za mota zinazotoka kwenye inveta. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Mawimbi
Waya mbovu ungekata hata asubuhi. Jioni mnara unaelemewa, moduli inashuka hadi 2G, na jibu lililokuwa likirudi haraka sasa linachukua sekunde nzima au zaidi. Umeweka muda gani wa kusubiri jibu?

Kisima_Kirefu
Milisekunde 300.

Mawimbi
Huo ni wa waya, si wa simu. Weka 5000, majaribio matatu, usomaji kila baada ya sekunde 10. Antena itoke nje ya paneli ya chuma. RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye moduli, kwa dBm) ya -95 inatosha, ikishuka chini ya -110 inua antena kabla ya kufikiria moduli mpya.

Masafa
Mimi ningeachana na laini za simu kabisa. Kilomita 2 kama antena zinaonana ni kazi ya redio: milingoti miwili, antena za Yagi, hakuna bando la kuisha. Ulizia tu kibali cha masafa kabla ya kununua.

Mama_Paneli
Mnajibu ya antena. Mdogo wangu, mawasiliano yakikatika pampu ikiwa imewaka, inafanya nini?

Kisima_Kirefu
Dada, hilo ni suala jingine. Nauliza kuhusu kukatika.

Mama_Paneli
Ndilo suala lenyewe. Inafanya nini?

Kisima_Kirefu
Inabaki kwenye amri ya mwisho. Zamani kulikuwa na kebo ya boya kutoka tenkini, ikaibwa, ndiyo maana tukaweka moduli. Tenki ni mita za ujazo 90, pampu inatoa 18 kwa saa, kwa hiyo nafasi ipo kubwa.

Mama_Paneli
Tenki likiwa asilimia 80 zimebaki mita za ujazo 18, yaani saa moja tu, kisha maji ya wananchi yanamwagika. Na kisima kikipungua, mota ya chini ya maji inapozwa na maji yanayoipita, yakikosekana inaungua. Fanya hivi: PLC ya tenki iongeze namba kwenye rejista moja (nafasi ya kuhifadhi namba) kila inapotuma. PLC ya pampu iitazame. Isipobadilika kwa sekunde 60, zima pampu, washa taa ya hitilafu. Ongeza elektrodi ya kuzuia kusukuma pakavu kisimani. Tenkini weka valvu ya boya, na presha swichi kwenye bomba la pampu: valvu ikifunga, presha inapanda, pampu inazimwa bila mtandao wowote.

Mzalendo_Fundi
Maji ni uhai wa watu, si mahali pa kujaribia. Anayekabidhi kazi ya namna hii anajua anachokiacha nyuma.

Shaka
Hii ni chai. Laini za kawaida ziko nyuma ya NAT ya kampuni ya simu, yaani laini nyingi zinatumia anwani moja ya nje. Moduli moja haiwezi kuifungulia nyingine mlango. Hujataja seva, hujataja VPN (njia ya siri ndani ya mtandao). Hizo PLC zinaonanaje? Uzi umetungwa.

Kisima_Kirefu
Haujatungwa. Laini ni za mkataba, zina IP ya umma isiyobadilika, mlango 502, ule wa Modbus, umefunguliwa. Tumeshalipia mwaka mzima. Nani atahangaika na kisima cha kijijini?

Shaka
Basi naondoa neno langu, ila umetaja kubwa kuliko antena. Wanaoskani hawachagui kijiji, wanapitia anwani zote. Modbus TCP haina nenosiri. Yeyote akifika 502 anaandika rejista na kuwasha pampu yako. Novemba 2023 huko Aliquippa, Pennsylvania, wadukuzi waliingia PLC ya kituo cha kuongeza presha ya maji, na mamlaka za Marekani zilionya kuhusu PLC za aina hiyo zilizoachwa wazi mtandaoni na nenosiri la kiwandani. Omba laini zihamishiwe APN ya faragha, yaani mtandao wa kampuni ya simu usiofikika kutoka intaneti. Wakichelewa, moduli zote mbili zipige VPN kwenda seva moja, na 502 ifungwe upande wa nje.

Kisima_Kirefu
Namba ya kuhesabu naweka leo. VPN moduli zinayo, sikuiwasha. Valvu ya boya haimo kwenye bajeti, mteja atanielewa.

Mama_Paneli
Mwandikie mteja bei ya valvu na presha swichi kabla ya Jumatatu, aamue akijua. Kisha washa pampu, fungua antena ya tenkini, shika saa. Pampu izime ndani ya sekunde 60. Irudishe antena, hakikisha haiwaki hadi namba ianze kusogea tena. Rudia ukizima umeme wa PLC ya tenki badala ya antena, maana kuna moduli zinazoendelea kujibu kwa thamani ya zamani iliyobaki kwenye kumbukumbu.