Kifaa cha bei nafuu cha kurekodia kwa USB, natumia Linux: nichukue kipi?

Muuliza: Wakuu, narekodi nyumbani, sauti na gitaa la nyuzi za nailoni, kwa Ardour (programu ya kurekodi) kwenye Debian (aina ya Linux). Mpaka sasa maiki naichomeka kwenye laptopu moja kwa moja, na mvumo unaosikika chini ya kila noti unanikera. Nimenunua maiki mbili za kondensa, nataka intafesi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) isiyo ghali. Niko kati ya Behringer UMC22, UMC202HD na Focusrite Scarlett Solo. Boksi zote zinataja Windows na Mac tu. Na hizo kHz 192 zinazotajwa (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde) zinanihusu?

Jibu 1: Mkuu, boksi lisikutishe. Unachotafuta ni kifaa kinachofuata kanuni ya jumla ya sauti ya USB, kisichodai draiva (programu ya kukiendesha) ya mtengenezaji. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ina draiva ya aina hiyo, snd-usb-audio, tayari. Ukishachomeka, andika `arecord -l` kwenye dirisha la amri. Jina la kifaa likitokea, fungua Ardour uanze kazi.

UMC22 iache. Inaishia biti 16 (kipimo cha undani wa sauti iliyorekodiwa), na ina priampu (kikuza sauti) moja tu ya maiki. Ukiwa na biti 24 unaweza kurekodi kwa kiwango cha chini, vilele vikigota dB 12 hivi chini ya kikomo, ukaimba kwa nguvu bila hofu ya sauti kupasuka. Solo ina biti 24, ila nayo ni ya maiki moja. Tundu la pili ni la gitaa la umeme au kinanda. Wewe unaimba huku unapiga, kwa hiyo UMC202HD ndiyo yako: priampu mbili, na volti 48, umeme ambao kondensa nyingi haziwezi kufanya kazi bila huo.

kHz 192 achana nazo. Sikio la binadamu linaishia kHz 20 hivi, na ukirekodi kwa 48 unanasa mpaka karibu nusu yake, 24. Zaidi ya hapo unajaza diski tu.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza: nunua chenye vitufe na vifundo vya kuzungusha kwa mkono. Kuna vifaa ambavyo mipangilio yake imo ndani ya programu ya mtengenezaji, na programu hiyo Linux haipo. Sauti utaipata, lakini kifaa hukitawali.

Jibu 2: Naunga mkono. Kuhusu kuchelewa kwa sauti unayojisikiliza kupitia kompyuta: bafa (sauti ambayo kompyuta hukusanya kwanza kabla ya kuishughulikia) ya fremu 128 kwa kHz 48 ni kama milisekunde 2.7, ila kwenda na kurudi huwa zaidi. Wakati wa kuimba bonyeza kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, sauti isipitie kompyuta kabisa. Halafu weka bafa 512, laptopu ipumue.

Muuliza: Asanteni sana. Gitaa lina pikapu (kinasa sauti cha ndani) pia. Naweza kuichomeka humo humo?

Jibu 1: Ndiyo, kwa kebo ya kawaida ya gitaa, na kitufe cha tundu hilo kiwe INST (ala), si LINE. Lakini kwa nyuzi za nailoni mimi ningeanza na maiki, karibu na freti (kijiti cha shingoni) ya 12, mbali kidogo na tundu la duara la mwili wa gitaa.