Mti mkubwa unaoelemea nyumba: uliita mafundi wa aina gani na walifanyaje kazi? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Kimara

Wakuu habari za muda huu. Masika inakaribia, na huku mtaani kwetu kuna miembe ya zamani, ile iliyokuwepo kabla ya nyumba yoyote kujengwa, leo hii imesimama katikati ya mapaa ya watu. Kwangu upo mmoja, umeinamia chumba wanacholala watoto, na tangu jirani achimbe msingi wa ukuta wake akakata mizizi ya upande mmoja naona udongo umeanza kupasuka mstari mrefu upande wa pili wa shina, yaani ule wa kinyume na unakoinamia. Nimegonga shina kwa nyundo pale chini, panalia wazi kama ngoma.

Kukata nimeshaamua. Ninachotaka ni kusikia kwa wale walioita watu wakaja wakakata: mliwapataje, mlipatana vipi, kazi ilikwendaje, na kama kuna kilichoharibika mseme pia. Vijana wa panga na chenso wako kila kona lakini bati likitoboka au mtu akiumia wote tunajua nani anabaki na mzigo.

Kona ya Tegeta

Mkuu huo ufa wa udongo usiuchukulie poa. Mti ukipasua ardhi upande wa kinyume maana yake mizizi inaachia, mvua ikishalowesha hapo upepo mmoja tu unatosha. Watoto wahamishe chumba leo hii hii, mengine yatafuata.

Kwangu ulikuwa mkungu umeingia kwenye nyaya za umeme, upepo ukivuma cheche zinaruka. Nikapata vijana wakasema elfu themanini wanamaliza, nikawauliza umeme utazimwaje wakaniambia watakata kwa akili waya hawataugusa. Nikawashukuru nikawaruhusu waondoke, maana tawi bichi linapitisha umeme vizuri tu, si lazima wewe mwenyewe uguse waya. Nikaenda ofisi ya TANESCO ya wilaya nikaeleza, wakaja kuangalia, halafu siku waliyopanga wakaja na gari lenye kikapu wakazima laini wakaondoa matawi yote ya upande wa nyaya, hela hawakunidai. Ila ujue wao wanasafisha njia ya umeme tu. Matawi waliniachia uani na shina likabaki limesimama, hilo niliita fundi mwingine baada ya pale kuwa salama. Kwa hiyo kama mti uko karibu na nyaya wao ndio wa kwanza, fundi wa pili, usigeuze.

Binti Pangani

Huku kwetu tabu ni minazi. Ule ugonjwa wa kunyong'onyea umemaliza minazi mingi ya pwani, makuti yanakauka, kichwa kinadondoka, linabaki shina tupu refu linaoza taratibu na watu wanapita chini yake kila siku. Mama yangu alikuwa na mitatu ya hivyo kuizunguka nyumba.

Tukamwita mkwezi mmoja mzee anayeheshimika sana hapa, kakwea minazi tangu utoto wake. Akaugonga, akautazama juu muda mrefu, akamwambia mama, dada yangu huu sikwei. Akatueleza kwamba mnazi uliokufa vidato vinameguka ukivikanyaga, na kwa kuwa hauna matawi hakuna pa kufungia kamba ya kukushika. Nilimheshimu zaidi kwa lile neno kuliko kama angekwea. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuelekeza kwa kikundi cha Tanga mjini kinachofanya kazi hizi. Miwili iliyokuwa na uwanja waliivuta kwa kamba mbili ikaangukia upande wa shamba, wa tatu uliokuwa ubavuni mwa jiko wakajenga jukwaa la mirunda linalosimama lenyewe bila kuuegemea mnazi, wakaushusha vipande vifupi vifupi mpaka chini. Bati halikuguswa hata moja.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Kimara, fundi akikuambia huu siupandi usimwone mwoga. Muulize kwa nini, umsikilize.

Kamba Juu

Hii ndiyo kazi yangu, nafanya Dar na Bagamoyo, kampuni sitaji maana sikuja kutafuta wateja. Naomba niseme kwa kirefu kidogo kwa sababu nimeshashika kamba ya rafiki yangu akiwa juu na najua inavyokuwa.

Kwanza, fundi anayekutajia bei kwenye simu hajauona mti. Wa kweli anakuja, anazunguka shina pande zote, anaangalia kama kuna uyoga umeota chini au nyufa pale matawi mawili makubwa yanapoachana, anauliza karo la choo liko wapi na bomba la maji limepita wapi. Hilo la karo watu hawaliwazi, gogo la mwembe likidondokea mfuniko wa karo linauvunja na aliyesimama karibu anaingia.

Pili, mti wa katikati ya nyumba hauangushwi, unashushwa. Anayepanda anavaa helmeti, miwani na mkanda, anajifunga kamba yake, halafu inakuwepo kamba nyingine ya tawi ambayo imezungushwa kwenye shina na huku chini kuna mtu anaishika, tawi likikatwa linaning'inia kwanza ndipo linashushwa polepole. Pamoja na hao kuna mtu wa kuzuia watu na watoto wasipite. Ukiona wamekuja wawili na panga na chenso moja na kamba ya katani ya kufungia mbuzi, kaka, warudishe. Na chenso juu ya mti inashikwa kwa mikono miwili, ukimwona anakata kwa mkono mmoja huku mwingine kakumbatia tawi mwambie ashuke.

Kuangusha mti mzima mara moja ni pale tu ambapo una uwanja wazi, na watu wasio wa kazi wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Hapo tunafungua mdomo, yaani tunakata pengo kwenye shina, upande unakotaka uangukie, kina chake kama robo ya unene wa shina, halafu tunakuja nyuma juu kidogo ya usawa wa mdomo, na hatumalizi, tunaacha ukanda wa mbao kama sehemu moja ya kumi, huo ndio unaofanya kazi ya bawaba na ndio unaouongoza mti. Mtu anayekata upande mmoja moja kwa moja bila mdomo, tena mti ulioinama, shina linaweza kuchanika kwenda juu likampiga kifuani kabla hajajua kilichotokea.

Sasa mwenye uzi, kwako wewe shina linalia wazi. Maana yake ndani kumeoza, na mti uliooza bawaba yake haina nyuzi za kushika, unaenda unakotaka wenyewe. Huo mimi nisingepanda wala kuutegemea kwa kamba zangu. Ungehitaji gari lenye kikapu, au kreni kama barabara inaingiza, fundi akate akiwa amefungwa nje ya mti. Itakuwa ghali kuliko vijana wa mtaani, lakini hapo unalipia watu warudi nyumbani kwao wazima.

Mama Wawili

Nashukuru aliyetangulia kwa maneno yake. Nyumba ya pili kutoka kwetu walimwita kijana akate mwarobaini, akakubali kukata bure ili achukue kuni na shina. Hakuwa na kamba. Tawi lilipokatika likarudi likampiga akaanguka mpaka chini kwenye zege. Yuko hai ila kiuno kwenda chini hakifanyi kazi, ana mke na mtoto mdogo. Mwenye nyumba alilipa hospitali mwanzoni halafu hela ikamwishia, wakapelekana kwa mwenyekiti wa mtaa, mpaka leo familia mbili zimeumia na hazisalimiani.

Ndiyo maana nasema msimpe mtu kazi ya namna hii kwa kumlipa kuni. Anayelipwa kuni anakimbilia shina, hana sababu ya kutumia siku nzima kushusha matawi kwa kamba. Na muulizeni anayekuja kama kampuni yake imesajiliwa na inachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana kijana aliyeajiriwa akiumia kazini kule kuna matibabu na fidia. Yule wa jirani yetu hakuwa na kitu. Inaniuma kila nikimwona amekaa pale kibarazani.

Rongai Juu

Mimi niko Kenya, Ongata Rongai. Kwetu miti ilikuwa ya jirani, mikaratusi mirefu kwa fensi, na mkaratusi unaweza kuangusha tawi zito hata siku hakuna upepo. Tulimwambia mzee kwa heshima akasema anangoja ikomae auze nguzo. Tukaenda kwa chifu, chifu akatuita pande zote mbili, halafu afisa wa mazingira wa kaunti akaja akaona yale matawi yako juu ya paa letu, akaandika. Mzee mwenyewe akakubali akaleta mnunuzi wa nguzo.

Hapo ndipo tulisimama ngumu. Mnunuzi alitaka kuleta watu wake wa pawa, yaani chenso, wakate chini waangushe, sisi tukasema hapana, mwenye kupanda na kamba tutamlipa sisi nusu kwa nusu na mzee, apunguze juu kwanza, ndio mnunuzi achukue shina. Ilichukua muda mrefu kuelewana kuliko kukata. Jambo lingine, mkaratusi ukikatwa kisiki kinachipua tena na yale machipukizi yanakuwa miti mirefu iliyoshikilia juu juu tu kwenye kisiki, kwa hiyo muelewane mapema nani atayaondoa kila yakiota.

Mpwani wa Houston

Salaam kutoka Texas. Kimbunga Beryl kilipopita hapa Julai 2024 mialoni na misonobari ilianguka kwenye nyumba kila mtaa, na umeme ulikatika kwa wateja zaidi ya milioni mbili. Kesho yake tu wakaanza watu kupita wakigonga milango, wana gari na chenso, wanataka hela yote kabla. Shemeji yangu alikuwa karibu kutoa, nikamwambia asubiri.

Hapa unachoomba ni vitu viwili, karatasi ya bima ya kampuni inayolipa nyumba ikiharibika na bima ya wafanyakazi wakiumia, na unapiga simu kwa kampuni ya bima yenyewe uhakikishe haijaisha. Halafu unaangalia kama yupo aborista, yaani mtaalamu wa miti, mwenye cheti cha ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu hao, majina yao yanatafutwa kwenye tovuti ya chama. Aliyekuja kwetu alitumia muda mwingi kutazama kuliko kukata, akatuambia kati ya miti mitatu tuliyotaka ikatwe mmoja ni mzima kabisa, upunguzwe matawi makavu tu ubaki. Alijinyima hela kwa kusema vile, nikajua huyu ni mtu wa kazi.

Mkazi wa Kimara

Nimesoma zote, Mungu awabariki sana. Watoto tangu jana wanalala sebuleni. Nina maswali: kwenye tundu la juu nimeona nyuki wanaingia na kutoka, hilo nalifanyaje? Na kibali naanzia wapi?

Mzawa wa Tabora

Nyuki usiwapulizie dawa na usimruhusu fundi apande wakiwepo, chenso ikiwaka wanatoka wote na mtu yuko juu hana pa kukimbilia. Tafuta mrina asali, wapo hata Dar. Ila mwambie mapema kwamba mti umeoza, kama hauwezi kupandwa basi anaingia naye kwenye kikapu. Anafanya jioni giza likiingia wakiwa wametulia, kwa moshi, kundi linahamishiwa kwenye mzinga. Kwetu tulifanya hivyo na kundi likaishi.

Kona ya Tegeta

Kibali mimi nilianzia serikali ya mtaa, nikaandika barua na kuambatanisha picha, mwenyekiti akagonga muhuri nikaipeleka manispaa kwa afisa misitu. Picha zilisaidia sana, piga ule ufa ukiwa umeweka rula pembeni uonekane upana wake. Na kama magogo yatatoka kwa kenta kwenda mbali ulizia hapo hapo hati ya kusafirishia, jamaa yangu alisimamishwa kwenye kizuizi cha maliasili na mzigo ukalala pale.

Kamba Juu

Naongezea kuhusu malipo na kisiki maana ndipo ugomvi unapozaliwa. Andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari: anakata nini, anashusha kwa njia gani, nani anabeba matawi, nani anabaki na magogo, bati au ukuta ukivunjika nani anatengeneza. Mpe sehemu ya kuanzia ya mafuta na usafiri, inayobaki umlipe uwanja ukishakuwa msafi na mmezunguka wote wawili mkaangalia paa.

Kisiki cha mwembe usikubali king'olewe kwa kuvutwa na gari. Mizizi yake imeingia chini ya msingi wako na wa jirani, ukiivuta unatikisa kuta zote mbili. Kikatwe usawa wa ardhi, machipukizi uyaondoe kila yanapotokea mpaka kiishiwe nguvu, na sehemu mizizi inapooza udongo utabonyea, uwe unajaza na kushindilia hasa baada ya mvua kubwa.

Na tafuta gari la kikapu wiki hii. Mvua ikishaanza udongo unalainika, gari zito linakosa pa kusimama, na sisi mti uliolowa hatupandi.