Kuna waliowahi kupiga rock Chuga (Arusha) au Moshi enzi za shule? Njooni hapa

Fundi_Sakina
Wakuu habari za jioni. Nina gereji yangu huku Sakina, si kubwa, magari manne yakiingia mengine yanalala nje. Sasa mtoto wa dada angu yuko fomu tatu, amekuja na wenzake wameniomba mafundi wakishafunga Jumamosi wafanye mazoezi ya bendi humo ndani, nikasema sawa, nikajua ni hip hop au singeli kama machalii wote wa huku. Kumbe ni rock ase! Magita ya umeme, dramu, dogo anapayuka mpaka mishipa ya shingo inamtoka na hata sielewi anasema nini ila naona kabisa anamaanisha.

Mama mmoja jirani ameshanipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mafundi wangu nao wanacheka tu. Ila mimi mwenyewe nimeanza kuchelewa kwenda nyumbani Jumamosi, nakaa kwenye tairi nasikiliza.

Naulizia kwa waliopitia haya mambo, hivi kuna watu walishapiga hii kitu hapa mjini au hawa ndo wa kwanza? Vyombo mlikuwa mnatoa wapi, maana gita la dogo ni la kuazima kwaya ya vijana na waya ukikatika anakaa hivo hivo hata wiki. Na majirani mlifanyaje?

Chalii_wa_Kijenge
Mkuu hao chunguza vizuri, si watoto wa Arusha hao hahaha. Hapa ni hip hop toka tunazaliwa, X Plastaz wamezunguka Ulaya na Mmasai wao jukwaani, nani ana muda wa kubeba dramu kutoka Ngarenaro mpaka mjini. Mistari unabeba kichwani, unapanda kifodi (daladala ya huku) na nauli ya mtu mmoja.

Betri_N70
Fundi heshima yako. Nimecheka peke yangu hapa ofisini maana umeniandikia maisha yangu.

Mi nimepiga gita kwenye bendi pale Unga Limited, gereji ya baba mdogo wa mpiga dramu wetu, tukiwa sekondari. Rock tuliipata Channel 5 usiku na kwenye CD za kuchoma, Linkin Park, Nickelback, Evanescence, hizo ndo zilikuwa zinazunguka, basi mtu mmoja akiwa nayo darasa zima tunayo. Namna ya kupiga tulitoa intaneti kafe, zile karatasi zenye mistari sita na namba juu yake, unalipia kwa ukurasa kwahiyo tunaprinti kiitikio tu, beti mtajua wenyewe.

Sasa 2006 ndo ule mwaka wa mgao mkubwa, ukame, bwawa la Mtera limeshuka, umeme unaondoka asubuhi unarudi watu wameshalala. Bendi ya umeme bila umeme ni kichekesho. Kilichotuokoa ni kwamba tuko gereji, betri zipo. Tulichukua busta ya gari, ile ya kukuza sauti inayofungwa kwenye buti, tukaiunga kwenye betri N70, spika mbili zilizotolewa kwenye kifodi kilichokufa, alaf gita tukapitishia kwenye redio kaseti. Sikiliza vizuri hapa fundi sababu hii inafanya kazi mpaka leo: unaweka kaseti tupu, unabonyeza rekodi na pozi kwa pamoja, gita linaingia tundu la maiki, sauti unaitoa tundu la hedifoni unaipeleka kwenye busta. Basi. Na ile sauti ya kukwaruza ambayo watu wananunulia kidude cha kukanyaga, sisi ilikuja yenyewe, maana tundu la maiki limetengenezwa kwa umeme mdogo sana wa maiki, ukiliingizia gita linazidiwa, mawimbi yanakatwa vichwa, ndo unasikia ngrrrrr. Baadae nikasoma kuna Mmarekani Link Wray 1958 alitoboa spika kwa penseli makusudi kutafuta hiyo ngrrrr, na Dave Davies wa The Kinks kule Uingereza 1964 akaichana ya kwake kwa wembe. Zetu zilikuja zimeshachanika na konda.

Mkanda wa gita ulikuwa mkanda wa siti wa gari, Toyota Mark II, na niseme tu sijawahi kupata mkanda mzuri kuliko ule, mpana, hauumizi bega, na kile chuma cha kufungia tuliacha kinaning'inia makusudi. Pedo ya dramu kubwa fundi wa kuchomelea alitutengenezea kwa pedo ya klachi ya Land Rover na springi ya breki za nyuma, kichwa cha kugongea mpira wa tenisi. Ilikuwa nzito, jamaa alikuwa anapiga polepole kwa lazima, watu wakadhani ndo staili yetu.

Waya: mwambie dogo asije akadanganywa na mtu kuhusu waya wa breki ya baiskeli. Tulifanya, unaufumua unatoa uzi mmoja mmoja, unalia kweli, ila unakula vidole, unakula na freti (vile vyuma vya kwenye shingo) za gita la watu, na gita ni la kanisa hilo. Anunue seti ya geji (unene) 9 au 10, akikosa mjini amtume dereva wa basi la Nairobi, na akimaliza kupiga afute kila waya kwa kitambaa kikavu. Jasho ndo linaozesha waya.

Besi_ya_Rau
Fundi shikamoo. Chalii wa Kijenge nakusalimia tu.

Mimi ni mdada, nilipiga besi Moshi, tulikuwa tunafanyia mazoezi banda la nyuma kwa kina mpiga gita huko Rau, mpaka kuku wakahamishwa. Besi nilipewa kwasababu hakuna aliyeitaka, wavulana wote wanataka solo. Na mimi nikagundua haraka kwamba mwenye besi na mwenye dramu ndo wanaamua wimbo unaenda wapi, hao wengine wanapamba.

Ngoja niwasimulie ya kipaimara. Desemba Moshi mnaijua, Wachaga wote wamerudi, kila mgomba una turubai. Mjomba wa mmoja wetu alikuwa na sherehe Machame, matarumbeta waliokuwa wameitwa wakawa wamebanwa na harusi nyingine, akasema si kuna watoto wana bendi. Tukafika. MC akatutangaza kama kwaya ya vijana! Tukaanza, gita limefunguliwa mpaka mwisho, wazee wameshika mbege zao wanatuangalia tu hawatikisiki, alaf babu mmoja kwa sauti kabisa akauliza hiyo mashine ya kukoboa itazimwa saa ngapi watu wale. Nikatamani ardhi ipasuke. Mpiga gita wetu akili yake ilikuwa nyepesi, hakuzima disto (ile sauti ya kukwaruza), akaingia moja kwa moja kwenye wimbo wa Kichaga wa kuzunguka ule ambao kila mtu anaujua, mimi nikamfuata na besi, dramu ikakaa, na wale wamama waliokuwa jikoni wakatoka na miiko mkononi. Ulipigwa ule wimbo mmoja hatujui mpaka lini, kila tukitaka kumaliza wanasema bado. Yule babu alikuja kutunza, akanibandikia noti kwenye paji la uso, ikadondoka kwenye waya za besi sikuweza kuiokota sababu mikono ina kazi.

Kwahiyo fundi mwambie dogo ajifunze na nyimbo za hapa. Si kwamba aache za kwake. Siku ya shoo atazihitaji.

Mtu_wa_Maombi
Hizi ni nyimbo za giza, mnawaharibu watoto alaf mnacheka. Gita la madhabahuni linapigiwa mambo gani hayo? Fundi funga hiyo gereji mapema.

Besi_ya_Rau
Mtumishi, mimi sol-fa nimefundishwa kanisani, besi nimefundishwa kanisani, na mwalimu wa kwaya ndo alitupa funguo za stoo ya vyombo akasema mkivunja mtalipa. Giza lilikuwepo pale umeme ukikatika tu.

Mzee_Bugaluu
Wanangu, huwa nasoma tu siandiki, leo nimeshindwa kunyamaza. Fundi anauliza kama hawa ndo wa kwanza. Wa kwanza! Magita ya umeme hapa Arusha yalikuwepo kabla hamjazaliwa. Wale ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipiga hapa na Arusha Jazz mwaka 1970 kabla hawajavuka kwenda Kenya kuwa Simba Wanyika. Hiyo ni dansi, sawa, lakini na sisi vijana wa sekondari Moshi tulikuwa na bendi ya shule, na tukilipata gita hatukuwa tunapiga dansi.

Tulikuwa tunapiga James Brown na Hendrix, tunasikia Voice of Kenya maana Moshi ilikuwa inashika vizuri, unaweka sikio kwenye redio unakamata kipande, wimbo ukirudi wiki ijayo unakamata kipande kingine. Sasa kumbukeni soul ilikuwa imepigwa marufuku Dar mwaka 1969, na kabla yake Operesheni Vijana imeshakataza suruali za kubana na vimini, kwahiyo hata huku walimu walikuwa macho. Tukaweka mtoto wa fomu wani mlangoni. Mwalimu wa zamu akitokea anakohoa, sisi tunageuza hapo hapo tunaingia rumba. Rumba haikuwa na kesi. Mpiga solo wetu alikuwa na kipaji cha kugeuza bila kusimama, mwalimu anaingia anakuta ni rumba tupu, anatikisa kichwa, anasema vijana vizuri.

Suruali za bugaluu, zile pana chini, zilikuja baadae kidogo, na raizoni, vile viatu vya soli nene. Ukiwa na raizoni huwezi kukanyaga hizo pedo zenu.

Chalii_wa_Kijenge
Shikamoo mzee. Basi nimekaa chini.

Fundi_Sakina
Mzee marahaba zangu zote nakupa wewe, shikamoo. Nimewasomea madogo uzi wote huu, hiyo ya pedo ya klachi wameshaanza kuangalia vyuma vyangu kwa jicho baya.

Betri nisaidie kitu kimoja, kelele. Dogo anasema wabandike trei za mayai ukutani, ameona yutubu.

Betri_N70
Trei za mayai ni urembo, zinapunguza mwangwi kidogo humo ndani ila jirani atasikia vile vile. Sauti inazuiwa na kitu kizito na kwa kuziba matundu. Gereji zetu shida ni bati na lile geti, chini kuna uwazi wa kupitisha mkono, hewa ikipita sauti imepita. Ziba chini ya geti kwa mablanketi au matairi yaliyojazwa nguo mbovu, magodoro ya zamani simamisha upande wa yule mama, spika zisikae kwenye sakafu, ziinue na zigeuze ziangalie upande wa barabara. Dramu kubwa ijaze blanketi ndani. Besi ndo itaendelea kupita, hiyo haina dawa ya bei rahisi, ipunguzeni tu.

Kingine, hao watoto kama ndo wanaanza watakuwa wanajaza kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzima za waya sita na disto juu, inakuwa fujo. Wapige vidole viwili: cha shahada kwenye noti ya mzizi waya mnene, cha pete freti mbili mbele kwenye waya unaofuata, waya zilizobaki zinyamaze. Ile noti ya kati inayofanya kodi iwe ya furaha au ya huzuni haipo, ndo maana disto haiivurugi. Kelele inapungua na inasikika kubwa zaidi, sijui kwanini hawafundishi hivo toka mwanzo.

Alaf nenda mwenyewe kwa huyo mama, usimtume dogo, beba sukari, ulizia siku na saa ambayo yeye hayupo. Sisi wa kwetu alikuwa anaenda jumuiya, tulijua ratiba yake kuliko wanae. Na masika pigeni mtakavyo, mvua ikishashuka kwenye bati hakuna atakayewasikia, hata nyie wenyewe.

Fundi_Sakina
Nimeenda. Kumbe Jumamosi anatoka saa tisa anarudi saa kumi na mbili, ana kikundi cha kuweka na kukopa. Shida yake ilikuwa ni ile saa moja usiku wakati wa taarifa ya habari. Amechukua sukari ila akasema yule anayeimba nimpeleke hospitali akaangaliwe koo.

Besi_ya_Rau
Hahahaa mama ana hoja. Fundi hujasema, besi anapiga nani hapo?

Fundi_Sakina
Hakuna dada. Ni magita mawili na dramu na huyo mgonjwa wa koo.

Besi_ya_Rau
Nilijua tu. Sa hivi niko Njiro hapa Arusha, Jumamosi natoka kazini saa nane. Waambie nakuja na besi yangu.

Fundi_Sakina
Njoo, ila beba na waya wako wa kuchomekea. Hapa tuna mmoja na unashikiliwa na gundi ya umeme.