Mume wangu anatia nia tena 2030, safari hii anataka kuweka shamba la zabibu rehani

MamaZabibu
Mbukwenyi wanajamvi. Naandika kutoka Hombolo. Naomba mnisome hadi mwisho ndipo muanze utani, maana utani wa watia nia naujua wote.

Mume wangu ni mtumishi mstaafu. Homa ya ubunge ilimpanda 2010, Lusinde alipombwaga mzee Malecela kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama, kule Mtera. Siku hiyo alishinda anacheka peke yake. "Kama waziri mkuu mstaafu anaangushwa, nani tena wa kuogopwa?" 2015 akachukua fomu, kura hazikutosha. 2020 akachukua tena, safari hii kiinua mgongo kikiwa mkononi, na hapo ndipo tulipoumia.

Daftari nilikuwa naandika mimi. Daftari la shule la kawaida: jina la mjumbe wa chama anayepiga kura hizo, kata anayotoka, pembeni alama ya vema kwa aliyeahidi. Kila aliyefika nyumbani alikula, na kila aliyeondoka alipewa nauli, hata anayekaa nyuma ya nyumba yetu. Bibi mmoja alimshika mume wangu mkono akamwambia, "Mheshimiwa, kura yako hata nikifa mtaikuta kiganjani." Nikamwekea vema mbili. Siku yenyewe wakahesabu hadharani, jina la mume wangu likasomwa: kura kumi na moja. Mle ukumbini tulikuwa na binamu zake saba, shemeji yake, na mwenye nyumba tuliyokodi kuwa ofisi. Ukitoa hao, piga hesabu mwenyewe daftari langu lilikuwa na thamani gani.

Mwaka jana Tume ilipotangaza majimbo mapya 8, Mtumba la huku kwetu Dodoma likiwamo, akasema Mungu amefungua mlango. Akajaza fomu ya chama. Jina halikurudi. Hakufika hata kwenye kupigiwa kura.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe wapi! Tangu Januari ni 2030 asubuhi, 2030 jioni. Anasema mgombea hujijenga mapema. Fedha hana, kwa hiyo ana mawazo mawili: achukue mkopo kwa kuweka rehani shamba letu la zabibu, na chama kikimtosa tena agombee binafsi kwa sababu "mahakama ilisharuhusu". Shamba lina hati, na hati ina jina lake. Lakini mizabibu nimeipanda mimi. Samadi nimebeba mimi, mwezi wa nne napogoa mimi, na zikianza kuiva mwezi wa nane nashinda nafukuza ndege. Na hizo kura zao za maoni ni lazima ziangukie Julai au Agosti! 2020 nilikosa vibarua wa kuvuna, wote walikuwa kwangu mwenyewe wanakula pilau ya kampeni.

Ukimhoji anakuletea Abraham Lincoln, eti alishindwa kila uchaguzi mpaka akawa rais wa Marekani.

Naomba kujua: anaweza kuweka shamba rehani bila mimi? Hiyo ya mgombea binafsi ni kweli? Na mnaoishi na watu wa namna hii, mnawezaje?

Kibaigwa_Alizeti
Pole mama. Wajumbe si watu wazuri, hilo tulishaambiana tangu 2020. Ila hapo kwenye binamu saba nimemwaga chai, nisamehe.

Mzee asikate tamaa lakini. Mrema alikosa urais 1995, 2000 na 2005, halafu 2010 akaibuka na ubunge wa Vunjo. Siasa ni subira.

MwalimuKondoa
@Kibaigwa_Alizeti usimpe mama wa watu presha. Mrema alikuwa mbunge na waziri wa mambo ya ndani kabla ya hizo mbio zote, nchi nzima ilimjua. Alikuwa anatafuta kurudi alikokwisha kukaa. Na 2015 Vunjo hiyo hiyo ikaenda kwa Mbatia.

Kuhusu Lincoln, mama, mwambie mzee aliyemsimulia amemkatia hadithi nusu. Ni kweli 1832 alishindwa kuingia bunge la jimbo lake la Illinois, lakini 1834 akashinda, akashinda na chaguzi kadhaa zilizofuata. Baraza la Wawakilishi la Marekani aliingia, akakaa 1847 hadi 1849. Useneta ndio uliomshinda, 1855 na 1858, na enzi hizo seneta alichaguliwa na wabunge wa jimbo, si na wananchi. Isitoshe, alikuwa wakili mwenye kazi yake ya kumlisha. Wahamasishaji wa semina wanataja vipigo tu kwa sababu ndivyo vinavyouza tiketi.

Wakili_Uhindini
Shikamoo mama. Nijibu yale ya sheria.

Mgombea binafsi kwanza. Mzee hakutunga, ila amesoma habari ikaishia njiani. Mchungaji Mtikila alifungua kesi hapa hapa Dodoma, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema raia anaweza kugombea bila chama. Bunge likabadilisha Katiba kuziba mlango huo. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2010 ikisema hilo ni suala la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, ikampa haki 2013. Yeye akafariki 2015, na ibara ya 67 ya Katiba bado inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama hicho. Kwa hiyo leo hii, bila chama, hagombei.

Sasa shamba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba mnayoishi, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako. Shamba linaingia kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161: ardhi ikiwa na jina la mwenzi mmoja, lakini mwingine ameitolea jasho kwa kuilima, kuitunza au kuiendeleza, naye ana haki ndani yake. Na anayekopesha kwa dhamana ya ardhi hiyo anapaswa kuuliza kama mwenzi ameridhia. Hiyo samadi na huko kupogoa ndiyo haki yako yenyewe, usizitaje kama malalamiko. Risiti za miche na dawa zitunze, vibarua wanaokujua watakuwa mashahidi.

Usingoje mkopo utoke. Kwa kuwa shamba lina hati, unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati mapema. Halimnyang'anyi kitu. Linamfanya yeyote anayetaka kulishika shamba lile akukute wewe mlangoni.

Nyongeza tu: sheria ya uchaguzi yenyewe haijawahi kudai mamilioni. Kwa miaka mingi dhamana ya mgombea ubunge imekuwa shilingi 50,000 na wadhamini 25 kutoka jimboni. Mamilioni yanaliwa kwingine. Mgeni wa mambo haya angedhani sheria ya takrima, ile iliyoruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, bado ipo, wakati Mahakama Kuu iliifuta 2006.

Mjumbe_Bahi
Mimi ni mjumbe, chama sitaji. Mnatusema sana humu, leo mnisikilize.

Julai ya uchaguzi simu yangu haina mapumziko. Wiki moja watakuja watano, sita, wote wananiita mama yangu mzazi. Wa kwanza ana kanga. Wa pili ana kanga na sukari. Wa tatu, kabla hajakaa, anauliza wa pili aliacha nini. Wanakuja usiku, gari wanaliacha mbali, halafu mbwa wa kijiji kizima wanabweka, sijui wanamficha nani. Nikimwambia mmoja wazi kwamba siko naye, kufikia asubuhi kambi zote zinajua nimelala wapi. Mtu wangu akianguka, aliyeshinda atanikumbuka miaka mitano, na mimi nina mtoto anayetafuta kibarua na kisima kinachosubiri pampu. Kwa hiyo tunasema ndiyo kwa wote. Yule bibi wa kiganjani, mama, hakumchagua mumeo amdanganye. Aliwaambia hivyo hivyo wote.

Kura tunampa nani? Sisemei wajumbe wote, wapo wa bahasha na wanajulikana. Kwetu, mwaka mmoja mtama ulinyauka, uwele ukaliwa na ndege, watu wakabaki na mlenda mkavu na ubuyu. Kijana mmoja mfanyabiashara akaleta lori la mahindi kutoka Kibaigwa akatuuzia kwa bei aliyonunulia na nauli ya lori, basi. Hakuvaa fulana yenye sura yake. Alipokuja kuchukua fomu hakuna aliyemdai nauli, tulijilipia wenyewe bodaboda kwenda kumpigia.

Nikuulize bila ubaya: mumeo baada ya kuanguka 2015, hadi 2020, watu walimwona wapi?

MamaZabibu
@Mjumbe_Bahi umenichoma panapouma. Alinuna. Miaka ile yote alikuwa haendi misiba ya wajumbe, anasema walimla. Hata harusi ya mtoto wa jirani tulitofautiana, nikaenda peke yangu nikasema mzee ana malaria. 2020 ilipokaribia akaanza kusalimia mpaka watoto wa chekechea.

@Wakili_Uhindini ubarikiwe mwanangu. Hilo la jasho sikulijua. Nilidhani jina la kwenye hati ndilo la mwisho.

NiliwahiKutiaNia
Mimi nilikuwa mumeo. Jimbo langu liko Singida.

Nikwambie kitu ambacho yeye hawezi kukwambia. Hatafuti ubunge tu. Anaitafuta siku ile ya kuchukua fomu. Bodaboda wanakusindikiza wakipiga honi, akina mama wanatandika vitenge upite, mtu aliyekuzidi umri anakuinamia anakuita mheshimiwa. Ukishaionja siku ile, ukirudi nyumbani ukaulizwa gesi imeisha tununue, unaona umedharauliwa.

Na usidhani wajumbe ndio waliomaliza fedha zenu. Fungua hilo daftari upande wa "kamati". Mimi nilikuwa na kamati ya watu tisa, walikuwa wakiniletea taarifa kila jioni kwamba kata fulani "imekaa vizuri", na kila kata iliyokaa vizuri ilihitaji mafuta ya gari. Meneja wangu wa kampeni alipaua nyumba yake mwezi ule ule ninaoshindwa. Bati za rangi. Nilizijua kwa risiti.

Mke wangu hakunikataza, maana angenikataza ningegombea mpaka leo. Alichofanya ni kutenganisha fedha. Akasema chako kampeni nacho, cha watoto na cha shamba hakiguswi, akaenda akaandikisha. Nikabaki na pensheni ya mwezi na simu. Kwa bajeti ile kamati yenyewe ilikimbia kabla sijaivunja. Baadaye nikagombea uenyekiti wa kijiji, nikapata. Kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba, lakini honi za bodaboda nazipata kidogo kidogo.

Uchaguzi wa serikali za mitaa mwingine ni 2029. Mshawishi aanzie hapo.

MamaZabibu
Nilimgusia jana usiku uenyekiti wa kijiji. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Mimi si mtu wa kuamua mbuzi wa nani kala mtama wa nani." Nikamwambia mbunge naye si ndiyo hayo hayo, ila kwa kipaza sauti? Akazima taa.

Lakini la kutenganisha nimelishika. Fedha ya zabibu nitaanza kupokea kwenye akaunti yangu kuanzia mavuno ya mwezi wa nane. Nauli ya misiba atapata, kwa sababu kuzika watu ni wajibu hata usipogombea. Akitaka fulana zenye sura yake ajishonee kwa pensheni.

Kibaigwa_Alizeti
Mama agombee mama! Una hoja, una daftari, unajua wajumbe wote kwa majina. Mimi nadhamini.

MamaZabibu
@Kibaigwa_Alizeti koma kabisa mwanangu, asije akasikia akaniteua kuwa kamati.

@Wakili_Uhindini swali la mwisho. Jumatatu naenda mjini kwa Msajili. Niende na nini? Hati iko kabatini, na ufunguo wa kabati anao yeye.

Wakili_Uhindini
Nenda na kitambulisho chako, cheti cha ndoa, na namba ya hati. Kama mliwahi kutoa nakala, hata ile iliyofifia, inatosha kusoma namba. Pitia kwa wakili yeyote aliye karibu kwanza akuandalie kiapo kinachoeleza ndoa yenu na kazi ulizofanya shambani. Hati yenyewe iache kabatini, huihitaji.

MamaZabibu
Nakala ninayo. Niliitumia mwaka ule kufunika daftari la wajumbe.